Kuuza Subaru STI Iliyofanyiwa Kazi Ukiwa Malindi

Probox au Vitz haikusumbui kuuza Malindi. Unaliegesha gari kando ya Barabara ya Lamu, unabandika karatasi ya "INAUZWA" kwenye kioo, na wenye biashara wanakuja wenyewe. Subaru Impreza WRX STI iliyobadilishwa ekzosi, shokomzoba na kompyuta ya injini ina mambo mengine. Watu watasimama kuitazama, vijana watakuomba uiungurumishe kidogo, picha zitapigwa, kisha kila mtu ataenda zake. Mnunuzi wake hasa yuko Nairobi, Mombasa, Nakuru au Eldoret. Gari hizi anazijua kuliko dalali yeyote, na kinachomtia hofu ni kimoja tu: hajui nani ameigusa injini, lini, na kwa sababu gani. Ukimwondolea hofu hiyo umeuza. Kila hatua iliyoandikwa hapa inaelekea huko.

Mfano wangu ni STI ya kizazi cha GDB, iliyotengenezwa kati ya 2000 na 2007, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu vizuri. Mwenye Lancer Evolution au Altezza atabadilisha majina ya vipuri. Utaratibu ni uleule.

Jua thamani inatoka wapi

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. GDB za mwisho zilitoka kiwandani 2007, kwa hivyo bandari ya Mombasa ilishafungwa kwao yapata 2015. Leo hata mtu awe na pesa kiasi gani, hawezi kuagiza nyingine kutoka Japani. Zilizopo ni hizi zilizokwisha kuingia, nyingi zenye namba zinazoanza na KA na KB, na kila mwaka zinapungua: nyingine zimegongwa, nyingine zimekatwa zikauzwa spea, nyingine zimechakazwa na mashindano ya barabara za vumbi. Ongeza mapenzi ya Wakenya kwa jina lenyewe. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000, na wengi waliokuwa watoto wakisimama kando ya barabara siku hizo sasa ni watu wazima wenye mishahara.

Kwa hivyo mtu akikuambia "gari la zamani hilo, chukua hii tumalizane", usibabaike. Safi zilizobaki ni chache. Ila nalo neno safi lazima ulithibitishe.

Anza na karatasi, maana ndizo zinazokula muda

Fungua boneti na usome mambo mawili. La kwanza ni namba ya chesi iliyogongwa kwenye bati la nyuma ya injini, pamoja na kibati cha kiwandani chenye herufi za modeli. Herufi GDB maana yake ni STI halisi. GDA ni WRX ya kawaida, hata kama imepachikwa nembo za STI na spoila kubwa, na zilizovishwa hivyo ni nyingi. Kama yako ni GDB, piga picha kibati hicho kikiwa safi. Itakuwa picha yenye thamani kuliko zote kwenye tangazo lako. Kama ni GDA, iuze kama GDA nzuri. Mjuzi atahesabu gia akifika: STI ina gia sita, WRX ya wakati huo ina tano.

La pili ni namba ya injini, iliyogongwa juu ya bloku karibu na inapoungana na giaboksi. Ilinganishe na logibuku, yaani hati ya usajili wa gari. Magari mengi ya aina hii yameshabadilishwa injini, na kubadilisha si kosa. Kosa ni kuacha rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, zikisoma injini ambayo haipo tena. Rangi ni hivyo hivyo. Kama logibuku inasema bluu na gari ni jeusi, askari wa barabarani ataliona, na mnunuzi ataliona kabla yake. Marekebisho hayo yanaanzia kwenye akaunti yako ya NTSA ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na injini iliyobadilishwa inahitaji risiti ya ilikonunuliwa na ukaguzi. Yamalize kabla hujatangaza. Mnunuzi aliyesafiri kutoka Nairobi hatakusubiri ukifukuzana na ofisi.

Kama uliwahi kuchukua mkopo kwa logibuku, hakikisha jina la mkopeshaji limeondolewa, na pia madai yake yamefutwa kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017. Wengi wanamaliza deni wakasahau hili la pili. Kisha lipia nakala ya rekodi za gari kwenye NTSA na uiweke tayari. Mnunuzi makini atatafuta yake mwenyewe, lakini atakuheshimu akikuta uliwaza kabla yake.

Baada ya hapo tengeneza faili. Faili la kawaida la duka la vitabu, karatasi zikipangwa kwa tarehe: risiti za sevisi, risiti za vipuri, mkanda wa taiming ulibadilishwa lini na gari likiwa limetembea kilomita ngapi, nani aliandika upya programu ya kompyuta, na karatasi ya mnada ya Japani kama bado unayo. Kama karatasi hiyo ina daraja la R au RA, maana yake gari liliwahi kugongwa likatengenezwa huko. Usiichomoe kwenye faili. Akiipata kwingine ataamini umeficha na mengine, na hapo hata ukweli wako wote utakuwa na shaka.

Mkanda wa taiming nautaja peke yake kwa sababu injini ya STI hii, EJ20, haisamehe. Ukikatika, pistoni zinagonga vali na injini inaharibika palepale. Kiwango chake ni kilomita 100,000. Kama umekaribia na huna risiti, badilisha sasa pamoja na pampu ya maji. Ni gharama itakayorudi karibu yote, kwa sababu mnunuzi asiyeona risiti atakata kwenye bei zaidi ya ambacho kazi yenyewe ingegharimu.

Chumvi

Mtu wa bara akisikia gari limekaa Malindi, kinachomjia kichwani ni kutu, na hajakosea. Kaskazi na kusi zote mbili zinapita juu ya bahari kabla hazijafika kwako. Gari lililokuwa likilala Casuarina au Silversands, hatua chache kutoka ufuoni, haliwi sawa na lililolala Ganda. Hapa ndipo muuzaji wa Pwani anapopoteza pesa nyingi kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo anapoweza kumshangaza mnunuzi.

Lipandishe gari au liweke juu ya shimo la gereji, chukua tochi, na pitia tumbo lote polepole. Kwenye Impreza anza na matao ya magurudumu ya nyuma. Bati la nje na la ndani zinakutana pale kwenye ukingo, tope na chumvi vinakaa katikati, na kutu huanzia ndani. Ukiona rangi imevimba kidogo kwa nje, ndani kumeshaliwa. Ingiza kidole chini ya ukingo uupapase wote. Halafu toa mazulia ya buti utazame vichwa vya shokomzoba za nyuma. Tazama kingo za chini ya milango pale jeki inapowekwa, mabomba ya breki yanayopita chini, fremu ya nyuma inayobeba difu, na sehemu inapokaa betri. Mwisho tazama kipoza hewa cha tabo, kile kilicholala juu ya injini chini ya tundu la boneti: mapezi yake ya alumini huota unga mweupe na kusagika ukiyagusa.

Ukikuta kutu ya juu juu, ikwaruzwe kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, ipakwe dawa ya kutu, kisha rangi ya kwanza, kisha rangi ya kinga. Piga picha kila hatua, simu yako ikiwa imewashwa tarehe. Usikubali fundi akuambie apulize lami nyeusi tumbo zima ili "ipendeze". Tumbo lililopakwa lami mbichi wiki moja kabla ya kuuzwa linamwambia mnunuzi kwamba kuna kitu chini yake, na atachukua bisibisi aanze kugonga. Afadhali bati lenye alama za umri linaloonekana wazi.

Na maji unayooshea. Visima vingi karibu na ufuo vina maji ya chumvi, na waosha magari wengi wanatumia hayo hayo. Unadhani unaondoa chumvi, kumbe unaongeza. Kwa tumbo la gari tafuta maji ya mfereji, yale yanayoletwa kutoka Baricho, na uyapulize kwa nguvu ndani ya matao na fremu, kisha gari likaushwe kwa kutembezwa. Fanya hivyo mara kadhaa kabla ya picha, si mara moja.

Vipuri ulivyoongeza navyo vina madhaifu yao. Shokomzoba za kurekebisha urefu zina pete za nati, na pete hizo zikila chumvi hukamata. Jaribu kuzizungusha kwa spana yake. Kama hazizunguki, andika hivyo kwenye tangazo. Rimu za alumini huvimba vipele chini ya rangi. Ekzosi ya chuma cha kawaida huoza kwenye maungio, ya chuma kisichoshika kutu hubadilika rangi tu. Bodikiti ya faiba haishiki kutu, ila inaficha bati lililo nyuma yake, kwa hivyo fungua skrubu chache upige picha nyuma yake pia.

Simu itakapolia na mtu aulize, "Kaka, gari la Pwani hilo, kutu vipi?", jibu lako liwe tayari: "Ndugu yangu, nakutumia picha za matao ya nyuma sasa hivi, kabla na baada. Ukija tunalipeleka kwenye shimo ulione tumbo lote." Nimeona sauti ya mnunuzi ikibadilika palepale kwa jibu la namna hiyo.

Kipi kibaki, kipi kitoke

Kuna mnunuzi anayetaka gari lililokwisha kazi, na kuna anayetaka lililo kama lilivyotoka kiwandani. Unaweza kuwahudumia wote kama vipuri vya asili bado unavyo: ekzosi ya kwanza, springi na shokomzoba za kwanza, sanduku la chujio la hewa, usukani, rimu. Vitoe stoo, vioshe, vipange sakafuni uvipige picha pamoja. Sanduku hilo la vitu vya zamani lina uzito mkubwa kwenye bei kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu linamwambia mnunuzi kwamba hakuna kilichofanywa kisichoweza kurudishwa.

Kitu kimoja ningekitoa bila kujadiliana: vali ya tabo inayopumua nje, ile inayotoa mlio wa "pshii" ukibadilisha gia. Kompyuta ya GDB inapima hewa pale inapoingia. Hewa iliyokwisha kupimwa ikimwagwa nje, injini inamiminiwa mafuta ya kuzidi kwa muda kidogo kila unapoachia mafuta. Kijana anaupenda mlio, mjuzi anajiuliza nini kingine kilifungwa kwa ajili ya mlio tu. Vali ya asili inayorudisha hewa ndani haigharimu chochote kama unayo.

Taa za rangi chini ya gari, stika za vipuri ambavyo havimo, na waya zilizounganishwa kwa selotepu, vyote vitoke. Mwambie fundi umeme afuatilie kila waya ulioongezwa wa geji na redio, aufunge vizuri. Geji nyenyewe zibaki kama zinafanya kazi.

Usipake rangi gari zima ili kuliuza. Rangi mbichi inaibua swali la ajali ambalo halikuwepo. Taa za mbele zilizopauka kwa jua zisuguliwe, rangi ing'arishwe, basi.

Injini ipimwe kabla mnunuzi hajaipima

Peleka gari kwa fundi anayezijua Subaru, hata ikibidi uende Mombasa, kilomita 120 hivi. Apime mgandamizo wa silinda zote nne injini ikiwa na moto, na wewe urekodi video ya geji kwa kila silinda bila kukatiza. Anachotafuta mnunuzi ni namba nne zilizokaribiana. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, kuna jambo, na bora ulijue wewe kwanza.

Kisha sauti. Injini hizi zina maradhi mawili yanayochanganywa. Baadhi zinagonga zikiwa baridi asubuhi kisha mlio unapotea zikipata moto. Hizo ni pistoni, na gari linaweza kuishi nalo miaka. Mlio mzito wa kugonga unaobaki injini ikiwa moto na kuongezeka unapokanyaga mafuta ni beringi za konrodi, na hilo ni kubwa. Kama ni la pili, una njia mbili tu: tengeneza utoe risiti, au uza kwa bei ya gari lenye injini mbovu na uandike hivyo. Oili nzito ya kuzima kelele ni kumwibia mwenzako.

Mafuta ya petroli ni swali litakaloulizwa. STI za Japani zilitengenezewa petroli ya kule yenye oktani karibu 100, na super ya vituo vyetu haifiki hapo. Kwa hivyo programu iliyoandikwa upya kwa ajili ya mafuta ya hapa ni sifa ya gari, mradi uonyeshe nani aliiandika, lini, kwa mafuta gani, na tabo inasukuma kiasi gani. Kama una faili la programu yenyewe, mpe mnunuzi pamoja na ile ya kiwandani.

Matairi nayo. Gari hili linavuta kwa magurudumu yote manne, na difu ya kati inaumia matairi yakitofautiana. Mnunuzi atatazama kama yote manne ni ya aina moja na yamelika sawa. Usinunue mawili mapya ukadhani umefanya jema. Ama manne ama uache. Tarakimu nne zilizoko ubavuni zinasoma wiki na mwaka wa kutengenezwa, na kwa jua la Malindi tairi lenye kashata (meno yanayokanyaga barabara) nzuri linaweza kuwa limeshapasuka ubavuni.

Bei

Usijumlishe risiti. Shokomzoba ulizonunua kwa bei kubwa zitarudisha sehemu tu, na kazi ya mikono hairudishi chochote. Kinacholipwa ni bati lisilo na kutu, injini yenye ushahidi, vipuri vya asili, na logibuku safi. Tazama GDB zilizouzwa kweli, siyo zilizotangazwa tu, kwa kuwauliza wenye magari hayo Mombasa na Nairobi. Ripoti ya thamani kutoka kwa mthamini kama AA Kenya inasaidia kwa bima na kwa mazungumzo, ingawa mara nyingi haihesabu kila ulichofunga.

Andika namba mbili: unayotangaza, na ambayo chini yake gari linabaki nyumbani. Ya pili usimwambie mtu, hata dalali, hata shemeji.

Picha na tangazo

Malindi inatazama mashariki, kwa hivyo jua la asubuhi linatoka baharini likiwa laini. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu una mwanga ambao mpiga picha wa Nairobi anautamani. Tafuta lami au sakafu tupu. Usiliingize gari ufuoni kwenye mchanga ili mawimbi yaonekane nyuma, maana mnunuzi makini haoni mandhari, anaona chumvi ikipanda kwenye fremu.

Piga pembe zote nne, ndani, kiti cha dereva kinapochakaa, dashibodi injini ikiwa inaunguruma na kilomita zikisomeka, chumba cha injini, kibati cha GDB, tumbo, na kila kasoro karibu karibu. Kisha video moja ya kuwasha injini ikiwa imelala baridi usiku kucha, simu ikiwa nyuma ya gari ili moshi uonekane, bila muziki.

Maneno yawe hivi, kwa mfano:

"Impreza WRX STI, GDB, gia sita, niko Malindi. Injini EJ20 inalingana na logibuku. Mkanda wa taiming na pampu ya maji vimebadilishwa, risiti zipo. Ekzosi, shokomzoba za kurekebisha na programu ya kompyuta vimebadilishwa. Vipuri vyote vya asili vipo na vinakwenda na gari. Kutu ndogo kwenye tao la nyuma kushoto ilitibiwa, picha za hatua zote zipo. Kasoro: mkwaruzo kwenye bampa ya mbele, rimu moja imevimba rangi, AC haipigi baridi vizuri mchana. Video ya mgandamizo kwa anayetaka. Sibadilishani na gari jingine."

Hiyo AC itengeneze kama unaweza. Mtu akijaribu gari Malindi saa saba mchana bila ubaridi hatasikia utamu wa kitu kingine chochote.

Kuhusu wakati: tangaza mwezi wa Novemba au Julai. Disemba na Agosti watu wa Nairobi wanashuka Malindi na Watamu kwa likizo, na aliyeona tangazo lako mapema atapitia kulitazama bila kuhesabu nauli. Mvua za Aprili na Mei zinachafua gari na kumpunguzia mtu hamu ya safari.

Simu, wageni na kujaribu gari

Ujumbe wa kwanza kwa kawaida ni huu: "Bro, bei ya mwisho?" Mtu huyo hajasoma. Mjibu kwa heshima, "Karibu kaka, bei iko kwenye tangazo, tutaongea ukiliona," na usiende zaidi. Anayeuliza mgandamizo, aina ya oili au mkanda, mpe muda wako wote.

Siku ya kuja, usiwashe gari kabla hajafika. Ataweka kiganja juu ya boneti, na akikuta ni baridi ameshaanza kukuamini. Mpe faili akae kivulini asome, mpe maji ya kunywa, usimzungumzie juu ya kichwa.

Kwa kujaribu, mwone kwanza kitambulisho na leseni, upige picha zote mbili, na uwe umehakikisha bima yako inamruhusu dereva mwingine. Endesha wewe kwanza mpaka oili ipate moto, yeye akiwa abiria. Kuelekea kusini njia ya Gede ina matuta ya kutosha kusikiliza bushi na shokomzoba. Kuelekea kaskazini, ukivuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui na Gongoni, anapata nafasi ya kusikia tabo ikivuta, lakini mkumbushe malori ya chumvi yanayoingia barabarani. Mtu anayekanyaga hadi mwisho injini ikiwa baridi, mwambie asimame na urudi kwenye usukani. Mkifika nyumbani acha injini iungurume kidogo kabla ya kuzima, na mweleze kwa nini: oili inaipoza tabo.

Akitaka fundi wake alitazame, kubali mara moja. Gharama ni yake, na gari haliendi popote bila wewe.

Pesa na kuhamisha jina

M-Pesa ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, kwa hivyo inafaa kwa amana tu. Cheki ya milioni moja au zaidi haipiti kwenye mfumo wa benki, na hata ndogo inaweza kurudi. Njia safi ni RTGS, yaani kuhamisha pesa moja kwa moja, kutoka benki yake hadi yako, mkiwa mmekaa pamoja, na funguo zibaki mfukoni mwako mpaka benki yako ithibitishe pesa zimeingia. Ujumbe kwenye simu yake hautoshi, wala picha ya karatasi ya benki. Piga simu tawini au ingia kaunta.

Mkataba uandikwe na wakili. Uwe na namba ya chesi, namba ya injini, kilomita, bei kwa tarakimu na kwa maneno, orodha ya vipuri vilivyobadilishwa na vya asili vinavyoondoka na gari, na maneno kwamba mnunuzi amelikagua na kulichukua jinsi lilivyo. Andikeni pia tarehe, saa na dakika ya kukabidhiana. Gari likigonga mtu jioni ileile kule Mtwapa, dakika hizo ndizo zitakazokutetea. Kila mmoja abaki na nakala ya kitambulisho na PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) ya mwenzake.

Kuhamisha jina unakuanzisha wewe muuzaji kwenye akaunti yako ya NTSA, yeye anakubali kwenye yake, na ada inalipwa. Fanyeni kabla hajaondoka Malindi, hapo hapo kwa wakili, simu zote mbili mezani. Usikubali "nitahamisha nikifika Nairobi". Sheria ya Trafiki inamhesabu aliyeandikwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na inampa mnunuzi siku 14 tu kuendesha bila usajili mpya.

Bima yako haimfuati. Iarifu kampuni siku hiyo hiyo, udai pesa za miezi iliyobaki, na yeye awe na bima yake kabla ya kuwasha gari kwa safari ya usiku kwenda bara. Baada ya wiki mbili hivi, tafuta rekodi za gari tena. Kama jina bado ni lako, mpigie simu siku hiyo, na asipopokea, mpigie wakili.